Nanotyubu hazichimbwi Ruangwa, hupikwa kwa gesi

Tangu kinywe cha Ruangwa, madini meusi ya kaboni yanayoitwa pia grafiti, kianze kutajwa kwenye kila kijiwe cha kahawa, huku mazungumzo ya mradi wa kusindika gesi pale Likong'o yakivutana mwaka hadi mwaka, neno jipya limeingia midomoni mwa watu wa Kusini: nanotyubu. Juzi barazani Mikindani kijana mmoja alizungusha simu yenye video ya lifti inayopanda kutoka baharini hadi angani kwa kamba moja nyeusi, akatuhakikishia kwamba kamba hiyo itasokotwa kwa kinywe chetu. Hakuna aliyebisha. Mzee mmoja aliuliza tu kama viwanja vya Ruangwa vimeshapanda bei. Swali lake lilinikaa moyoni, kwa sababu Mtwara na Lindi tumeshawahi kuuziana ardhi kwa habari nusu. Vuguvugu la gesi lilipopamba moto miaka ya 2012 na 2013, watu walinunua viwanja kwa matumaini, na wako walioyashika matumaini hayo mpaka leo.

Hoja yangu naiweka mapema. Nanotyubu za kaboni zipo kweli, zinatumika leo hii, na zinatuhusu watu wa Kusini, ila jinsi zinavyotuhusu siyo tunavyosimulia barazani. Hazichimbwi kwenye kinywe. Viwandani hupikwa kutoka kwenye gesi. Kazi yake kubwa kwa sasa iko ndani ya betri, tena kwa kipimo cha chumvi kwenye mchuzi. Na kinachotutenga nazo hakihusiani na uhaba wa mali ghafi. Mali ghafi tunayo ya kumwaga. Tunachokosa ni ustadi wa kusafisha, kupima na kumridhisha mnunuzi mgumu, na ustadi huo haujengeki kwa kusubiri bei ya viwanja.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Kaboni ni moja yenye sura nyingi: makaa unayopikia, masizi ya chini ya sufuria, almasi ya Mwadui na kinywe cha Ruangwa vyote ni kaboni, na tofauti yao iko katika namna atomu zilivyopangwa. Ukishika kipande cha kinywe, huteleza mkononi kama sabuni kavu na kuacha weusi unaong'aa vidoleni. Mtelezo huo unatokana na atomu kukaa kwa matabaka, moja juu ya jingine, kama kurasa za kitabu kisichogundishwa. Penseli huandika kwa sababu hiyo hiyo, maana kila unapoiburuza, kurasa kadhaa hubaki kwenye karatasi. Sasa fikiria ukurasa mmoja tu wa kitabu hicho, wenye unene wa atomu moja, umeviringishwa kama mkeka hadi kingo zake zikashikana bila mshono. Huo mrija ndio nanotyubu. Mwembamba kabisa una upana wa nanomita moja hivi, wakati unywele wa binadamu una kati ya nanomita 50,000 na 100,000. Ipo mirija yenye ukuta mmoja na ipo yenye kuta nyingi, mrija ndani ya mrija.

Aliyeifanya dunia igeuke kuitazama ni Sumio Iijima wa Japani, mwaka 1991, akiwa mtafiti katika kampuni ya NEC. Hakuwa wa kwanza kuiona. Radushkevich na Lukyanovich wa Urusi ya Kisovieti walichapisha picha za nyuzi za kaboni zilizo wazi ndani mwaka 1952, na Morinobu Endo alikuwa ameshaikuza mirija ya aina hiyo miaka ya sabini. Lakini tangu andiko la Iijima sifa zikamiminika, na nyingi ni za haki. Mrija mmoja ukipimwa maabara huvumilia kuvutwa mara nyingi kuliko waya wa chuma imara, na uzito wake ni kama robo tu ya uzito wa chuma. Hupitisha umeme vizuri. Joto hulipitisha kuliko shaba.

Shida iko kwenye hilo neno "mmoja". Lindi tunaujua mkonge. Kamba ya mkonge inashika kwa sababu nyuzi zake zina ukwaru, zinang'ang'aniana zikisokotwa, na mzigo hugawanyika kwa kila uzi. Nanotyubu kuta zake ni laini kupita kiasi, ni mtelezo ule ule wa kinywe. Ukizisokota kwa mabilioni, moja humponyoka mwenzake, na sehemu kubwa ya ile nguvu iliyopimwa maabara hupotea njiani. Hapo ndipo lifti ya angani ilipokwama. Yule kijana wa Mikindani alionyeshwa mchoro na hakuambiwa kwamba ni mchoro.

Zinatengenezwaje basi? Hapa ndipo palipo na mkanganyiko mkubwa, na nakiri una chimbuko la kweli. Iijima aliipata mirija yake kwa kupitisha cheche kali ya umeme kati ya vijiti viwili vya grafiti, ambayo ni kinywe kwa jina jingine. Anayesoma nusu ya kisa hicho ataona ni halali kusema nanotyubu hutoka kwenye kinywe. Lakini viwanda vikubwa vya leo haviendi hivyo. Huchukua gesi yenye kaboni, kama methani au ethilini, na kuipitisha kwenye tanuru lenye joto la nyuzi 600 hadi 1,000 za Selsiasi, ndani yake kukiwa na chembe ndogo mno za chuma, nikeli au kobalti. Gesi inavunjika juu ya chembe hizo, haidrojeni inakwenda zake, kaboni inabaki na kujipanga yenyewe kuwa mrija, atomu kwa atomu, kama mchwa wanavyopandisha kichuguu. Nani ana methani hapa? Gesi ya Mnazi Bay karibu yote ni methani, na ile ya Songo Songo vivyo hivyo. Barazani tulikuwa tunaangalia Ruangwa kumbe jibu liko Madimba, kwenye mtambo wa kusafisha gesi.

Matumizi sasa. Tukiacha hadithi za mbali, mahali nanotyubu zilipojipatia mkate wa kila siku ni betri za lithiamu, zile za simu, za kompyuta za mkononi na za magari ya umeme. Betri ya namna hiyo ina karatasi mbili nyembamba: ya shaba iliyopakwa kinywe, na ya alumini iliyopakwa unga wenye lithiamu. Huo unga wa upande wa alumini una tabia mbaya, haupitishi umeme vizuri. Kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa kuchanganya masizi maalumu ya kiwandani, ndugu wa yale yanayotia weusi matairi, kwa kiasi cha asilimia mbili au tatu ya uzito. Chembe za masizi ni za mviringo, kwa hiyo zinahitajika nyingi ili zigusane na kuupa umeme njia. Nanotyubu ni ndefu kama uzi: moja inagusa chembe nyingi kwa mpigo, na kiasi kisichofika asilimia moja kinafanya kazi ile ile au kuizidi. Nafasi iliyookolewa hujazwa unga wenye lithiamu, na betri ile ile inabeba chaji zaidi. Tena viwanda vinavyojaribu kuongeza silikoni upande wa kinywe vinaihitaji zaidi, kwa sababu silikoni huvimba na kusinyaa kila betri inapochajiwa na kutumika, na mirija hiyo mirefu hushikilia vipande visiachane. Ndiyo maana kampuni ya LG Chem ya Korea Kusini imejenga uwezo wa kuzalisha nanotyubu kwa maelfu ya tani, na China kuna wazalishaji wakubwa wanaouza bidhaa hii ikiwa tayari kama uji mweusi wa kumimina kwenye mtambo wa betri.

Mengine nayapita haraka. Mabomba ya mafuta ndani ya magari yamekuwa yakitiwa nanotyubu tangu miaka ya tisini, ili umeme tuli usijikusanye kwenye plastiki na kuwasha moto. Chombo cha Juno, kilichorushwa 2011 kwenda sayari ya Mshtarii, kilibeba shuka za nanotyubu kwa kazi ya jamaa hiyo hiyo. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitengeneza kichakato cha kompyuta chenye transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, zaidi ya 14,000 za nanotyubu. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila simu yako ina transista kwa mabilioni, kwa hiyo safari bado ndefu. Katika yote haya utaona jambo moja: nanotyubu haisimami peke yake kama bidhaa. Ni kiungo. Thamani yake inaonekana pale tu inapoingia kwenye chungu cha mtu mwingine, na mwenye chungu ndiye mwenye masharti.

Sasa hoja zenyewe. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, nayo ina vichwa viwili vinavyopingana. Kichwa cha kwanza kinasema kinywe chetu ndicho nanotyubu, kwa hiyo tukikumbatie tu, siku yaja. Cha pili kinasema nanotyubu zitakiua kinywe kama plastiki ilivyoutia mkonge pembeni, kwa hiyo tukiuze upesi kwa bei yoyote. Vyote viwili vinaanguka mtu akiifungua betri akilini. Kinywe kinakaa upande wa shaba, ndicho ghala lenyewe la chaji, na gari moja la umeme linabeba makumi ya kilo. Nanotyubu inachukua nafasi ya masizi. Haigombanii kiti cha kinywe. Wakati mwingine inakaa pembeni yake kukisaidia. Chenye uwezo wa kukisukuma kinywe cha mgodini ni grafiti ya kutengenezwa kiwandani kutokana na mabaki ya mafuta, na huo ni ushindani wa bei na ubora ambao wenye migodi wanaujua siku nyingi. Anayekushawishi uuze shamba lako la Ruangwa leo kwa kutishiwa nanotyubu, au ulishikilie kwa kuahidiwa nanotyubu, hajui anachosema au anajua vizuri sana.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, na wapo wasomi wa kwetu wanaoisema kwa nia njema: badala ya kusafirisha gesi, tuivunje hapa hapa. Kikemia wana haki. Kilo 16 za methani zikivunjika zote hutoa kilo 12 za kaboni na kilo 4 za haidrojeni, na hakuna kaboni dioksidi inayotoka kwenye mvunjiko wenyewe. Kaboni ikitoka kama nanotyubu, kilo yake inauzwa mara nyingi zaidi ya kilo ya gesi. Nani asiyetaka biashara hiyo? Tupige hesabu. Tuseme Kusini nzima izalishe tani 10,000 za nanotyubu kwa mwaka, kiasi kikubwa kwa soko la bidhaa hii. Bila kuhesabu upotevu, itahitajika methani tani 13,300 hivi, sawa na futi za ujazo kama milioni 700. Gesi iliyogunduliwa nchini inatajwa kuwa zaidi ya futi za ujazo trilioni 57. Hiyo ni sehemu moja kati ya elfu themanini. Hata upotevu ukiizidisha mara tatu, bado ni tone baharini. Kwa hiyo nanotyubu haiwezi kuwa mteja wa gesi ya Likong'o, na anayeitumia kama sababu ya kuupinga au kuuchelewesha mradi ule ameshika mizani upande usio wake. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani, yenye mtaji na wataalamu wa kila aina, iliingia kwenye nanotyubu kwa kishindo, na mwaka 2013 ikajitoa ilipoona matumizi ni mengi madogo madogo na wanunuzi hawatoshi.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina uso wa pili, ambao naona ndio mzito kuliko wote. Kama gesi inayohitajika ni ndogo kiasi hicho, basi hatuna haja ya kungoja Likong'o. Gesi ya kutosha kiwanda cha nanotyubu imekuwa ikipita bombani kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam tangu 2015. Mwaka 2013 Mtwara ilitikisika kwa kauli ya "gesi haitoki", na watu walioisema walikuwa na uchungu wa kweli. Walidhani thamani ni gesi kukaa. Hesabu inatuonyesha kwamba gesi ingeweza kukaa yote na bado tusipate hata gramu moja ya bidhaa, kwa sababu kutoka methani hadi uji mweusi wa kiwanda cha betri kuna ngazi nyingi: kuandaa chembe za chuma, kulinda joto lisipande wala kushuka, kuosha mabaki ya chuma kwa tindikali maana chembe moja ya chuma huweza kuharibu betri nzima, kuitawanya mirija ili isijikunje kama sufi, kisha kupima kila fungu na kumthibitishia mnunuzi kwamba la leo ni sawa na la mwezi uliopita.

Wapo watakaosema: mwenzetu unatuzungumzisha nanotyubu, sisi tunataka bei nzuri ya korosho na umeme usiokatika. Hoja hii naiheshimu, na siku za mnada naishi nayo. Ila korosho yenyewe ndiyo inayonifanya niandike. Tumelima korosho vizazi na vizazi, enzi ya Mwalimu tukajengewa viwanda vya kubangua, vingi vikafa, na mpaka leo sehemu kubwa ya korosho yetu inapanda meli ikiwa ghafi kwenda Vietnam na India. Hatukukosa korosho. Tulikosa kuendesha mashine mfululizo, vipuri, umeme wa uhakika na mnunuzi wa punje iliyobanguliwa. Ngazi zile zile zilizotushinda kwenye korosho ndizo zinazotungoja kwenye kinywe na kwenye gesi.

Lipo pia suala la afya, na sitalipita kwa haraka. Waliobangua korosho kwa mikono wanajua mafuta ya ganda yanavyochubua vidole, na hakuna aliyewaonya mapema. Nanotyubu ndefu na ngumu zina umbo linalofanana na nyuzi za asbesto. Mwaka 2008 utafiti ulioongozwa na wanasayansi wa Edinburgh ulionyesha kwamba aina hiyo ndefu, ikiingizwa tumboni mwa panya, huleta madhara ya mfano wa yale ya asbesto. Fupi au zilizojikunja hazikufanya hivyo. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka aina moja ya nanotyubu zenye kuta nyingi katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Mwenye simu hana sababu ya kuogopa, mirija imefungwa ndani ya betri. Wa kuogopewa hali yake ni kibarua anayefungua gunia la unga mkavu bila kinga ya pua, au kijana anayevunja betri mbovu jalalani. Anayeleta mradi wowote wa namna hii aulizwe hili kwanza, kabla ya kuulizwa ajira ngapi.

Tuanzie wapi, basi? Mimi naona mlango ni kinywe, ingawa nimesema nanotyubu haitoki humo. Mnunuzi ni yule yule. Kiwanda cha betri kinachonunua nanotyubu ndicho kinachonunua kinywe, na masharti yake yanafanana. Kinywe kinachotoka mgodini kikiwa na usafi wa asilimia 95 hivi hakiingii kwenye betri. Lazima kisagwe, chembe zake zifanywe za mviringo, na kisafishwe hadi asilimia 99.95. Kwa njia iliyozoeleka, zaidi ya nusu ya kinywe hupotea katika kuviringisha huko, na usafishaji hutumia tindikali hatari. Kazi hiyo karibu yote hufanyika China, na tangu Desemba 2023 China inataka kibali kwa kinywe kinachotoka nje ya mipaka yake, hivyo wanunuzi wanatafuta mlango mwingine. Sheria za 2017 zimeipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi, na kwenye meza hiyo sauti yetu ingetakiwa kuuliza mambo madogo yenye uzito: vipimo vya usafi vinafanyika wapi, na nani anafundishwa kuvifanya? Kijana wa Ruangwa akishajua kuthibitisha asilimia 99.95 mbele ya mnunuzi wa Korea, kumhamishia kwenye tanuru la gesi ni kazi ya miezi. Asipojua, hata tukipewa kiwanda bure kitakuwa jirani wa vile vya korosho.

Na asiseme mtu kwamba nano ni ya wazungu. Dk. Askwar Hilonga wa taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alichanganya mchanga na nanomateria akatengeneza chujio la maji, akatunukiwa tuzo ya uhandisi ya Afrika na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza mwaka 2015. Alianza na tatizo la maji ya mahali anapotoka.

Kwa kufundishia kinahitajika chumba kisichozidi darasa moja. Tanuru la umeme linalofika nyuzi 1,000, bomba la kioo cha kwazi la kupitisha gesi, chumvi za chuma na nikeli, kabati lenye feni ya kufyonza hewa, mizani nyeti, na mtungi wa gesi uliojazwa kutoka bomba linalopita mlangoni kwetu. Kilicho ghali ni hadubini ya elektroni ya kuitazama mirija, na kwa hiyo sampuli zinaweza kupelekwa Dar es Salaam au Arusha kwa basi, kama tunavyopeleka bahasha. Ningependa chumba hicho kiwepo Mtwara au Lindi, na vijana wa Madimba, Likong'o na Ruangwa wawe wa kwanza kuingia humo, kabla meli ya kwanza ya gesi iliyosindikwa haijang'oa nanga.